Müssen, sollen, dürfen zimenivuruga, nimeharibu intavyu. Naombeni msaada wakuu

dada_wa_igoma

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mimi niko Mwanza huku Igoma, najifunza Kijerumani miezi minane sasa. Nilianza na kituo kimoja hapa mjini ada ikanishinda, nikawa najisomea mwenyewe kwa simu na madaftari ya rafiki yangu. A1 (ile ngazi ya kwanza ya lugha) nilishapata, nilipanda basi mpaka Dar kufanya mtihani nikafaulu, kwahiyo msinione mtupu kabisa. Natafuta familia ya kwenda kukaa kama au pair (unaishi nao unasaidia watoto na kazi za nyumbani), halafu mbeleni Mungu akipenda niingie Ausbildung ya unesi, yaani mafunzo ya kazi ya kule.

Sasa juzi Jumapili nikapata vidio kolu na familia moja, baba, mama na watoto wawili. Tumeenda vizuri tu mwanzoni, jina langu, nina miaka 22, napenda watoto. Mama akaja kusema "du musst nicht kochen". Hapo mimi nikaishiwa pozi. Nilivyofundishwa müssen ni must, na must not shuleni tuliambiwa ni marufuku, basi nikaelewa ananikataza kugusa jiko lake. Roho ikaniuma nikawaza hawa watu wananionaje, nikajibu kwa haraka "Warum? Meine Hände sind sauber!" yaani kwa nini, mikono yangu ni misafi!! Wakaangaliana. Yule mama akacheka kidogo akabadilisha mada.

Halafu akauliza kama nina swali nikasema "Ich will Sonntag frei", nataka Jumapili mapumziko, kwasababu kanisani mimi sikosi, nikaongezea "ich muss ich gehe in die Kirche". Sura ya baba nikaiona kabisa imebadilika. Wakasema wataniandikia. Leo siku ya nne kimya.

Nimerudi kwenye madaftari nikaona tatizo langu ni hizi Modalverben, vitenzi vya kuweza, lazima, kuruhusiwa na wenzake: können, müssen, dürfen, sollen, wollen, na hiyo möchten sijui ndo mögen au sio. Kila moja nimeandikiwa maana ya Kiingereza pembeni na bado sielewi nitumie ipi wapi. Sollen ndo kabisaa, sijui hata ya nini. Mwenye kuelewa anisaidie kwa lugha ya kawaida, sio majedwali ya gramari maana hayo ninayo.

kiboko_yao

Dada usijisumbue, hizo ni za kukariri tu. können naweza, müssen lazima, dürfen naruhusiwa, sollen natakiwa, wollen nataka. Ukiweka nicht unakanusha, basi imeisha. Na kwenye möchte hakuna jipya, ni wollen hiyohiyo ila ya watu wa heshima.

mzee_wa_kamanga

Mjukuu wangu pole sana, ila umenichekesha na hiyo mikono misafi, samahani.

Mimi nimetembeza watalii hapa mjini miaka mingi, Wajerumani wengi, kila akifika lazima apige picha Jiwe la Bismarck, na mimi nilijifunzia mdomoni kwao sio darasani. Nikwambie kitu kimoja, tatizo lako sio Kijerumani, tatizo lako unapitia Uingereza kwenda Ujerumani wakati sisi tuna njia yetu fupi. Tuna undugu nao wa zamani, hata neno shule ni lao, Schule, na hela ni ile Heller yao waliyoileta mwaka 1904, mia moja zilikuwa rupia moja.

Sasa huyo kiboko amesema weka nicht unakanusha, hapo ndo pana shimo lenyewe. Kwa Kiswahili sema "lazima upike" halafu ukanushe. Unapata nini? "Si lazima upike". Umekatazwa? Hujakatazwa, ukitaka pika usipotaka kaa. Basi du musst nicht kochen ndo hiyohiyo neno kwa neno, si lazima upike. Yule mama alikuwa anakupunguzia kazi mjukuu wangu, alikuwa anakufurahisha!

Kukataza ni dürfen. Du darfst nicht kochen, huruhusiwi kupika. Mfano wa huku kwetu: kokoro, ule wavu wa kukokota, ziwani ni marufuku kila mtu anajua, kwahiyo "man darf nicht mit dem Kokoro fischen". Ukisema "man muss nicht mit dem Kokoro fischen" unamwambia mvuvi sio lazima atumie kokoro, akitaka atumie. Wewe na yeye mtakamatwa wote.

dada_wa_igoma

Babu asante, yaani hapo kwenye si lazima nimesikia kitu kimefunguka kichwani. Kumbe ningetafsiri kwa Kiswahili tu. Daah aibu niliyojipa.

nesi_mgeni

Mdogo wangu karibu, mimi ni mtu wa Buzuruga, sasa hivi niko Ujerumani mwaka wa pili wa Ausbildung ya unesi. Ngoja nikupe nilivyokuja kuelewa mimi maana na mimi nilikuja na B1 yangu (ngazi ya tatu) mkononi nikijua najua.

Wodini asubuhi kuna ripoti ya kupokezana zamu, watu wanaongea mbio. Mchukulie mgonjwa mmoja, babu wa watu yuko kitandani kafanyiwa opareshini ya nyonga. Angalia sentensi hizi:

Er kann aufstehen. Ana nguvu za kusimama, mwili unaruhusu.
Er darf aufstehen. Daktari amemruhusu. Kusimama au kutosimama ni juu yake.
Er soll aufstehen. Daktari amesema asimame. Ni maagizo.
Er muss aufstehen. Hana budi, hakuna namna nyingine.
Er will aufstehen. Mwenyewe anang'ang'ania, mbio kamzuie.

Unaona maneno yaliyobaki ni yaleyale? Kinachobadilika ni kimoja tu, na ukikosea hicho mgonjwa anaanguka. Wiki zangu za mwanzo nilisikia "soll" nikaichukulia "will", nikaandika kwamba mgonjwa anataka kusimama, kumbe ni daktari ndo anataka. Nilisemwa siku hiyo sitasahau.

Sasa nikupe siri ya sollen, maana hata mimi mwalimu aliniambia ni natakiwa na haikunisaidia, mbona hata müssen unaweza kusema natakiwa. Sollen ni ile Kiswahili chetu cha nije, uje, aje. Kitenzi chenye e mwishoni. Mama kasema uje, du sollst kommen. Daktari kasema anywe maji mengi, er soll viel trinken. Nifunge dirisha? Soll ich das Fenster zumachen? Ukiona kwa Kiswahili unamaliza na e na nyuma yake kuna mtu mwingine anayetaka hilo jambo, hapo ni sollen. Wewe mwenyewe hutaki wala hulazimishwi na hali, kuna mtu kasema.

Na kama unasoma Biblia (umesema kanisani hukosi) fungua Kutoka 20. Usiue, usizini, usiibe. Yao ni Du sollst nicht töten, du sollst nicht ehebrechen, du sollst nicht stehlen. Ni sollen mwanzo mwisho, kwasababu kuna Aliyesema.

Ila angalizo, lazima nayo inakuja na e, lazima niende, inabidi niende. Hapo ukitaja lazima au inabidi ni müssen. Ile e iliyosimama peke yake ndo sollen.

mzee_wa_kamanga

Nesi umetisha. Hiyo ya Biblia naiba, ntawaambia watalii.

fundi_wa_kirumba

Wakuu naingilia kidogo, mimi nasoma kwa ajili ya kozi ya ufundi. Mbona nimesikia watu wanatumia sollen kwa umbea? Kuna Mjerumani mmoja alikuja gereji akasema "der neue Chef soll streng sein". Nani kamwagiza bosi awe mkali?

nesi_mgeni

Haha fundi hapo umegusa penyewe. Hiyo ni "eti". Eti bosi mpya ni mkali. Msemaji hajui, kasikia kwa watu, anarusha tu. Er soll reich sein, eti ana hela. Na wollen nayo ina ya kwake, er will mich gestern gesehen haben, anadai aliniona jana, na anayekusimulia hivyo ana mashaka naye. Mimi nikisikia hizi kwenye chumba cha chai najua sasa umbea umeanza. Lakini dada yetu hii usiibebe leo, iko mbele huko, wewe kamata kwanza za kula ugali.

kiboko_yao

Sawa nimekubali kwenye muss nicht nilikosea, ila kwenye möchte nabaki palepale. Ich will na ich möchte zote nataka. Watu wanakuza mambo.

mzee_wa_kamanga

Kijana, nenda Mwaloni pale kwa mama wa dagaa sema "nataka kilo moja", atakupimia, hana shida. Sasa nenda nyumbani kwa wakwe zako watarajiwa, chakula kimewekwa mezani, sema "nataka nyama". Umeoa hapo?

Ich will ni nataka ya kukaza. Ni ya nia, ya msimamo, ich will Krankenschwester werden, nataka kuwa nesi, hapo ni sawasawa na ni nzuri. Ila ukiomba kitu kwa mtu unatumia möchte, ambayo kwetu ni ningependa au naomba. Ich möchte ein Kilo Viktoriabarsch, naomba kilo moja ya sangara (ndio, sangara wetu ndo wanamwita hivyo kule madukani, minofu imegandishwa, bei ukiambiwa unaweza kulia).

Kwahiyo mjukuu ile Ich will Sonntag frei ilisikika kama umegonga meza. Sema: Ich möchte am Sonntag gern in die Kirche gehen. Au uliza: Darf ich am Sonntag in die Kirche gehen? Hiyo mzazi yeyote moyo unalainika.

Na kaka kiboko, ukisema will kwa maana ya Kiingereza ya "nitafanya" utapotea zaidi. Ich will kommen ni nataka kuja. Nitakuja ni ich werde kommen, au ich komme morgen tu, inatosha.

nesi_mgeni

Na kuhusu möchte ni mögen au sio, ndio imetoka kwa mögen lakini sasa inaishi kwake. Ich mag Fisch, napenda samaki, kila siku. Ich möchte Fisch, naomba samaki, sasa hivi. Halafu möchte haina wakati uliopita wake, ukitaka kusema jana nilitaka kahawa unarudi kwa wollen, ich wollte einen Kaffee. Ukisema ich mochte bila zile nukta ni nilikuwa napenda, kitu kingine.

Hizo nukta mbili juu ya herufi jamani, wengi wanaandika kwenye simu wanaziruka wanaona mapambo. Ich konnte ni niliweza. Ich könnte ni ningeweza. Nukta zikidondoka umerudi zamani. Kuna siku nilimwandikia kiongozi wa zamu "ich konnte am Samstag arbeiten" nikimaanisha ningeweza kufanya kazi Jumamosi kama anahitaji mtu, yeye akasoma niliweza kufanya kazi Jumamosi, akanijibu Jumamosi ipi.

fundi_wa_kirumba

Kwahiyo zote ukiweka nukta ni ninge-, ukitoa ni nili-?

nesi_mgeni

können, müssen, dürfen ndio: könnte, müsste, dürfte upande wa ninge-, na konnte, musste, durfte upande wa nili-. sollte na wollte hazina nukta popote, zinafanana kote kote, unaelewa kwa sentensi nzima. Du solltest zum Arzt gehen, ingefaa uende kwa daktari, huo ni ushauri. Kwenye mazungumzo ya mtihani zinakuokoa sana hizi, pale mnapopanga kitu wawili, wir könnten mit dem Bus fahren, tungeweza kwenda kwa basi, sollen wir Getränke mitbringen, tulete vinywaji? Sio unakaa unasema ja ja gut mpaka dakika zinaisha.

dada_wa_igoma

Nasoma yote naandika. Swali moja lingine, ile "ich muss ich gehe" mbona hakuna aliyeniambia, imekosewaje? Mimi nimesema lazima niende, niende ina ni- ndani yake kwahiyo nikaweka ich tena.

mzee_wa_kamanga

Ndo maana yake, hapo sasa Kiswahili ndo kimekuponza, na mimi nimekusifia kifuate moja kwa moja, haya nirudishe maneno nyuma kidogo. Lazima kwetu haibadiliki, ni neno limekaa tu kama jiwe, kwahiyo mtendaji anaingia kwenye kitenzi cha pili, niende, uende, aende. Kwao müssen yenyewe ndo inambeba mtu, ich muss, du musst, wir müssen, mtu akishabebwa hapo habebwi tena, kitenzi cha pili kinabaki kitupu kama kwenye kamusi. Ich muss gehen. Fikiria kama naweza kwenda, hapo husemi naweza niende, si ndiyo? Basi zote sita zichukulie kama kuweza.

Na hicho kitupu kinakwenda MWISHO kabisa wa sentensi. Hapa nawapa mfano nilioutunga mwenyewe. Kokoro linavutwa na watu wawili, mmoja kashika kamba huku, mwingine kule, samaki wote wako katikati. Ich MUSS morgen um sechs Uhr mit meiner Tante zum Markt GEHEN. Muss kashika kamba ya kwanza, gehen kashika ya mwisho, kesho na saa kumi na mbili na shangazi na sokoni wote wamo ndani ya wavu. Mkivuta mmoja akaachia katikati, samaki wamekimbia.

(Kokoro ni haramu nimeshasema, huu ni mfano tu, wazee wa doria msinifuate.)

nesi_mgeni

Babu huo mfano ni hatari. Niuongezee: ikija weil (kwa sababu) au dass (kwamba), yule wa mbele anakimbia kwenda kusimama nyuma ya mwenzake. Weil ich morgen zum Markt gehen muss. Wanavuta upande mmoja wote.

Na dada, kaa chonjo na ile ku-. Sisi tunasema naweza kuogelea, sasa mtu anaona ku- anaweka zu, ich kann zu schwimmen. Hapana, hizi hazitaki zu kabisa, ich kann schwimmen. Kosa la Waswahili wote hili, darasani kwetu tulikuwa wanne tunatoka Afrika Mashariki na wote tulikuwa nalo. Halafu ich na er hazichukui herufi ya mwisho, er kann, sio er kannt. er muss, sio er musst. Ukijua ich kann umeshajua er kann, bure.

kiboko_yao

Mimi nimekaa kimya najifunza. Ila jamani muss na soll mtaani kwao wanazitofautisha kweli au ni vitabu?

nesi_mgeni

Wanatofautisha vizuri tu. Wanachochanganya wao ni kann na darf, utasikia kann ich mal aufs Klo, naweza kwenda chooni, badala ya darf ich, na kila mtu anaona sawa, walimu tu ndo wanaguna. Na utawasikia wanaacha hata kitenzi cha pili, ich muss nach Hause, lazima nyumbani, gehen imemezwa. Ich kann Deutsch, bila sprechen. Usishangae.

dada_wa_igoma

Wakuu nimeamua niwaandikie ile familia kabla hawajanisahau. Nimeandika hivi, nisahihishieni kabla sijabonyeza:

Liebe Familie, ich habe am Sonntag etwas falsch verstanden. Ich habe gedacht, ich darf nicht kochen. Jetzt weiß ich: ich muss nicht, aber ich darf. Ich möchte am Sonntag gern in die Kirche gehen, wenn das möglich ist. Ich kann gut Fisch zu kochen. Soll ich einmal Viktoriabarsch für Sie kochen?

mzee_wa_kamanga

Mjukuu wangu!! Hiyo sentensi ya tatu, sasa najua si lazima ila naruhusiwa, ningekuwa mimi ndo baba mwenye nyumba tiketi ingeshakatwa.

nesi_mgeni

Toa zu kwenye Fisch zu kochen, si nimetoka kusema sasa hivi haha. Na kama wao walikuita du (wewe ya kawaida) kwenye kolu, andika für euch, kwa ajili yenu, Sie ya heshima itawafanya wajisikie wako benki. Mengine yaache hivyohivyo, usimpe mtu mwingine ayapambe, wakikuona kwenye kolu ya pili unaongea tofauti watashtuka.

dada_wa_igoma

Nimetoa zu. Nimeweka euch. Nimetuma.

fundi_wa_kirumba

Sasa sangara utampikaje na hujui kama kule kuna mawese

dada_wa_igoma

Fundi du musst nicht essen